Picha 11 ndani ya bomba la maji: kisa cha mchoraji wa Kentucky na mama yake mdogo wa Ujiji

Mi kazi yangu ni fremu. Kaduka kangu kako Mwanga hapa Kigoma mjini, natoa kopi, napiga pasipoti, naweka picha za harusi na za marehemu kwenye fremu, hasa za marehemu, maana watu wa huku mtu akiwa hai hawana haraka ya kumtundika ukutani. Kwaiyo siandiki kama msomi wa sanaa, naandika kama mtu niliyepigilia misumari kwenye hiki kisa mwanzo mpaka mwisho, na kosa moja kubwa la humu ndani ni langu mwenyewe, nitalifikia.

Mwaka 2023 mwezi wa 8 akaingia jamaa dukani amebeba bomba la plastiki, lile la maji la inchi 4, limezibwa huku na huku kwa mifuniko. Nikajua fundi bomba kapotea njia. Akaniambia shikamoo kaka, nikashtuka kidogo maana tunalingana umri, baadae ndo nikaelewa kwamba salamu zilikuwa zimemchanganyikia, wazee alikuwa anawaambia "jambo" na sisi rika lake anatupa shikamoo. Akafungua bomba akaanza kuvuta picha, moja baada ya nyingine, zimeviringishwa kama mikeka. Picha 11. Kanvasi 10 na moja kachora juu ya turubai la msaada, yale meupe, ukiligeuza nyuma maandishi ya bluu ya UNHCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, bado yanasomeka.

Alitaka fremu za zote ndani ya siku 9.

Nimweleze kidogo. Kazaliwa 1992 upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Kongo, maeneo ya Fizi, Kivu Kusini. Vita vya kumtoa Mobutu, rais wa kule wakati ule, vilipoanza mwishoni mwa 1996 na Uvira ikaanguka, watu wa pwani ile yote walikimbilia majini kuja huku, wengi wao wakapelekwa Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwezi wa 11 mwaka huohuo. Yeye alikuwa na miaka 4. Akakulia hapohapo Nyarugusu miaka 20 kamili. Sanaa kajifunzia kwenye vibao, alikuwa anaandikia saluni za kambini, anachora vichwa vimenyolewa panki, anachora wembe, anachora ndoo na sabuni kwenye matangazo ya kunawa mikono. 2016 yeye na mama yake wakapata safari ya Marekani, wakaangukia Kentucky. Huko usiku anapanga maboksi kwenye ghala, mchana anachora. Miaka ya mwanzo alikuwa anarudisha deni la tiketi ya ndege, maana watu wengi hawajui hili, mkimbizi akisafirishwa kwenda Marekani nauli ile ni mkopo, hauna riba lakini unaulipa.

Sasa karudi na pasipoti ya Marekani. Viza kalipa dola 100 kama Mmarekani mwingine yeyote. Alivofika akataka kwenda kuiona Nyarugusu, akaambiwa aombe kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani kwanza. Akanichekesha akisema, kaka, miaka 20 nilikuwa naomba kibali cha kutoka, leo naomba kibali cha kuingia.

Turudi kwenye picha. Nikisema zilikuwa mbaya nitakuwa muongo, mkono anao. Ila zilikuwa zinapiga kelele. Nyekundu kila mahali. Risasi zinanyesha kama mvua. Watu midomo wazi, macho yametoka. Ile kubwa kuliko zote, sentimita 180 kwa 120, ilikuwa boti katikati ya ziwa usiku, watu kama 20 wamejazana, wote wanalia, kila mdomo ni shimo jeusi, na juu mwezi mkubwa mviringo unamulika. Kwenye zile 11 moja tu ilikuwa imetulia, picha ya kina mama wanaanika dagaa. Nikamuuliza hii imekujaje humu, akasema hiyo nilijichorea tu, huko hakuna anayeitaka, nimeiweka kwenye maonyesho mara 3 hakuna hata aliyeuliza bei.

Hapo ndo mzizi wa kisa chote ulipo kwa mtazamo wangu, ila siku ile sikuuona. Kule anaitwa kwenye maonyesho kwa jina la msanii mkimbizi. Wanaomualika ni watu wema, wanalipa na vyakula wanaandaa, ila wakimuita wanamuita aje na vita. Akija na dagaa hawajui wamfanyeje. Kauza picha 4 toka ameanza na zote zina damu. Mtu akilipwa mara 4 kwa kitu kilekile mkono unajifunza wenyewe, hata mi nikiuza fremu za dhahabu wiki nzima wiki inayofuata nanunua rangi ya dhahabu.

Basi tukakodi ukumbi mdogo wa harusi hapahapa Mwanga, Jumamosi mchana, bei ya mchana ni nafuu. Mbao nilitumia paina, mninga ningemfilisi. Ile ya turubai ilinitesa, haikubali kukaza, ukivuta huku inalegea kule, na vijana waliokuja kusaidia kubeba wakawa wanasema hilo turubai mngetupa sisi tukaanikie muhogo.

Watu walikuja bwana. Majirani, wanafunzi, kwaya nzima ya Wakongo, vijana wa boti wa Kibirizi, na mama yake mdogo kutoka Ujiji na wenzake 2 wa kikoba. Huyu mama ndo mtu wa kisa hiki kuliko hata mchoraji. Alivuka nao 1996 akiwa binti wa miaka 19, akakaa kambini kidogo, 1999 akaolewa na Mmanyema wa Ujiji, akasilimu, anavaa baibui, ni mtu wa kuheshimika mtaani kwake. Mume alishafariki. Kiswahili chake ni cha Ujiji, ila akikasirika Kongo yote inarudi mdomoni.

Kwanza watu walijazana wapi? Kwenye dagaa. Nakwambia kulikuwa na ubishi pale kama wa Simba na Yanga. Mmoja anasema dagaa wanaanikwa mchangani, mwingine anasema hiyo zamani, siku hizi chanja, dagaa wa mchangani nani atamnunua, wa tatu anasema hao wa kwenye picha ni wakubwa mno hao siyo dagaa hao ni watoto wa migebuka. Kijana mmoja wa Katonga akatoa ofa ya elfu 60 palepale. Jamaa yangu kasimama pembeni haamini masikio yake.

Alafu mama mdogo akafika kwenye ile kubwa ya boti. Akasimama muda mrefu, mkoba kaukumbatia. Wenzake wakasimama nyuma yake. Akauliza bila kugeuka, "Hawa wanalia nini?"

Jamaa akasema, "Mama mdogo, ndo siye. Ndo siku tunavuka."

"Mwezi huu ni wa nini?"

Akakosa jibu.

"Nani anavuka na mwezi, baba? Tulingoja giza siku tatu kwenye majani. Mwezi ukitoka wanakuona kama inzi kwenye maziwa." Alafu akaonyesha midomo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama anahesabu. "Na hatukulia. Sikiliza nikuambie. Mwenye mutumbwi alisema, mutoto akilia namutupa kwenye maji, kwa sababu mutoto mumoja anaua bantu bote. Miye weye nilikuziba na kitenge changu. Nilikujaza kitenge kwenye kinywa. Ukaning'ata." Akavuta mkono nje ya baibui akatuonyesha kidole cha shahada, chini kabisa kinapoungana na kiganja, kovu dogo jeupe kama mbegu ya pilipili. "Meno yako haya."

Ukumbi kimya. Mi nilikuwa karibu, nililiona lile kovu vizuri kabisa.

Jamaa akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mama mdogo, mi nakumbuka mtu analia. Hicho ndo kitu pekee ninachokikumbuka. Mtu analia kwa nguvu."

"Uliota."

Akapita akaenda kwenye picha nyingine.

Kijana mmoja wa boti za Kibirizi akajaribu kupoza mambo. Akasema mama, inategemea ni kukimbia kupi, sisi 2015 Warundi walivokimbia tulikuwa tunapiga kazi Kagunga, pale kelele zilikuwepo usiku na mchana. Kweli, wa Kigoma wanakumbuka. Kagunga ni kijiji kimebanwa kati ya mlima na maji, barabara ya gari wakati ule haikuwepo, watu makumi elfu wakajazana pale ufukweni mwezi wa 5, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba, chuma cha Wajerumani cha 1913, ikawa inatia nanga mbali maana gati halikuwepo, watu wanapelekwa na mitumbwi midogo mpaka melini, kama 600 kila safari, wakishushwa Kigoma wanapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika alafu mabasi ya Nyarugusu. Kijana akasema watoto walikuwa wanalia mpaka sauti zinakauka. Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho akamwambia, hao walikuwa wameshafika, mwanangu. Aliyefika ana ruhusa ya kulia.

Mi nilidhani hapo ndo mwisho wa shughuli, msanii kasahihishwa na mzazi, tunywe soda twende nyumbani. Kumbe bado, na hapa ndo penye kosa langu.

Jamaa alikuwa na kijitabu cha picha zake zote, zikiwemo zile 4 alizouza. Alinipa nitoe kopi za rangi 30. Katika kuikagua mashine nikapiga kurasa 3 na simu nikaziweka stetasi, natangaza kazi ya duka, "karibuni kopi za rangi safi". Ukurasa mmoja kati ya hiyo 3 ulikuwa na picha ya binti kakaa chini mbele ya hema, ziwa moja liko nje, ananyonyesha, uso unatazama pembeni. Picha nzuri, nasema ukweli, kati ya zote ndo ilikuwa nzuri kuliko. Mi sikujua ni nani. Kufika jioni imeshasambaa Ujiji, mtu kaipiga skrini kaitupa kwenye grupu la kikoba na swali moja tu: huyu si fulani?

Alikuwa ni yeye, mama mdogo. Picha ya kamera ilipigwa kambini 1997 na mgeni mmoja aliyekuwa anazunguka na kamera, nakala ikabaki kwa dada yake, ambaye ndo mama wa mchoraji, ikasafiri mpaka Kentucky kwenye bahasha, na kijana akaichora. Akaiuza dola 900. Kwa wakati ule ni kama milioni 2 na laki 2.

Kikao kilikaa Ujiji Jumanne baada ya Alasiri, sebuleni kwa mama mdogo. Wazee wa upande wa marehemu mumewe 2, shemeji mmoja, mchoraji, na mi niliitwa kama mshtakiwa namba mbili. Niliomba radhi kwanza, nikafuta stetasi mbele yao ingawa ilikuwa haisaidii tena. Mzee mmoja akanitetea, akasema fundi hakujua. Mama mdogo akasema, kutojua kwake sijakataa, ila aliiona ni ya mwanamke, ziwa liko nje, kwani angekuwa mama yake angeiweka? Sikuwa na la kujibu na mpaka leo sina.

Akamgeukia mwanae. Sisi wote tulijua ataanza na hela. Hakuanza na hela. Akauliza, "Iko wapi sasa hivi?"

"Kwa mtu aliyenunua, mama mdogo."

"Ndo nauliza, kwake wapi? Sebuleni? Chumbani? Nani anakaa mbele yangu?"

Hakujua. Kauza hajui hata ukuta. Akaambiwa tafuta. Akatuma meseji palepale, kule ilikuwa ni asubuhi, na kabla ya Magharibi jibu likaja na picha. Aliyenunua ni daktari wa meno. Kaitundika kliniki kwake, chumba cha kungojea, juu ya viti 4 vya bluu na pembeni kuna ua la kwenye ndoo. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mama mdogo aliiangalia, akaikuza kwa vidole viwili, akaiangalia tena, alafu akaanza kucheka. Kicheko cha kweli kabisa, mabega yanatikisika. "Kwaiyo watu wanangoja kung'olewa meno wananiangalia miye." Wazee nao wakacheka maana walikuwa wanatafuta pa kutokea. Alafu akanyamaza, akafuta macho na ncha ya mtandio, akamrudishia simu.

Wakakubaliana hivi. Moja, nusu ya dola 900 ni yake, aligeuza uso kidogo alafu akasema nitachukua, bati langu linavuja, mi siyo mjinga, ila hela siyo ruhusa. Mbili, jamaa amuombe daktari aibadilishe kwa picha nyingine yoyote, bure. Tatu, kijitabu kile kisitolewe tena hata nakala moja. Zile kopi 30 nilizichoma mwenyewe nyuma ya duka, hasara yangu, na sikudai.

Sasa hapa watu wengi niliowasimulia wanagawanyika, na mi nataka nisimame mahali. Kuna wanaosema kijana kakosa adabu basi, kala jasho la maumivu ya mwingine. Kuna vijana wanasema sanaa ni huru, na bila yeye nani huko Kentucky angejua habari za Nyarugusu? Mi nadhani wote wanakimbilia kuhukumu nia, na nia yake haikuwa mbaya, nilikaa naye siku 9 najua. Shida ni kwamba alikuwa anamjibu mtu aliyemuuliza, na aliyemuuliza hakuwepo kwenye boti. Mlipuko, damu, ziwa la mama, hivyo ndo majibu ya swali la mtu wa mbali. Swali la mtu wa karibu ni lingine kabisa, ni mwezi ulikuwepo au haukuwepo, na hii picha imetundikwa wapi.

Na siyo kwamba vita haichorwi. Kule Msumbiji vita vya ndani viliisha 1992, silaha zikabaki zimefukiwa kila mahali, na kuanzia 1995 baraza la makanisa la kule likaanza kuzikusanya, ukileta bunduki unapewa jembe au cherehani au baiskeli. Zile bunduki zikakatwa, wasanii wakapewa vyuma. Kiti kimoja cha enzi kilichotengenezwa 2001 na Cristóvão Canhavato, wanamuita Kester, kiko British Museum, London. Mi kiti kile nakipenda kwa sababu moja ambayo wengi hawaitaji, kwamba kabla chuma hakijawa sanaa kuna mtu alishapokea cherehani yake. Malipo yalitangulia. Freddy Tsimba wa Kinshasa naye anaunganisha maganda ya risasi anatengeneza watu, ganda la risasi halina mama mdogo wa kuuliza maswali. Ila uso wa mtu unaye. Na ukitaka wa karibu zaidi, waangalie Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kwetu, wengine kwa kazi za mkonge, wengine kwa vita vya ukombozi vya kwao vilivyoanza 1964. Hao walikuwa na kila sababu ya kuchonga bunduki. Kazi yao iliyotangaa kuliko zote ni ile ya watu wamepandana, babu chini, watoto wanambebea watoto, gogo moja. Hakuna aliyewauliza "vita yenu iko wapi" maana mti mzima ni watu waliobaki.

Nimetoka nje ya barabara, nirudi.

Jamaa alikuwa amebakiza siku 6. Ukumbi tulishafunga. Akaja dukani akaniomba ubao wa hadibodi na kona ya nyuma ninapokatia mbao. Akachora boti ileile. Hii mara alikuwa anapanda bajaji kila jioni kwenda Ujiji anamuuliza mama mdogo alafu asubuhi anarekebisha. Hivyo mi nikawa naona picha inabadilika kama mtu anayekua. Siku ya kwanza mwezi ukatoka. Siku ya pili nyekundu yote ikaisha, ikabaki bluu iliyokaribia weusi, mpaka nikamwambia kaka hii itahitaji taa, akasema ndo vizuri, mtu asogee. Siku ya tatu midomo ikafungwa. Siyo kufungwa tu, akachora viganja, kila mtu mzima kiganja chake kiko juu ya mdomo wa mtoto, na kwenye kona ya kitenge kimoja akaweka maua madogo ya njano kwa sababu mama mdogo alilikumbuka ua. Kwa mbali huwezi kujua ni vita. Unaweza kudhani watu wanaambiana siri. Vijana wa boti walikuja kuiangalia, mmoja akasema tu mashine umeiweka sawa, ile ya kwanza ulikuwa umeifunga upande ambao boti inazama. Kwa watu wa Kibirizi hiyo ni sifa kubwa.

Ile hadibodi iko Ujiji sebuleni kwa mama mdogo. Niliitia fremu ya mninga, bila malipo, na sikuiweka stetasi.

Jamaa akaondoka. Dagaa alimpa yule kijana wa Katonga kwa elfu 60. Nyingine akabeba, ila ile kubwa ya midomo wazi akaniachia, akasema sijui niifanye nini, kaa nayo. Nikaitoa kwenye fremu nikairudisha kwenye bomba nikaliweka juu ya shelfu.

Kama miezi miwili baadae mama mdogo akaja peke yake, siku ya kazi, na picha ya pasipoti ya marehemu mumewe anataka ikuzwe. Wakati nahangaika na kompyuta akawa anaangalia juu.

"Ndo ile?"

"Ndo ile, mama."

Akakaa kwenye kiti cha kupigia pasipoti. Akasema, fundi, mutoto hakuota. Mtu alilia kweli. Ila siyo kwenye maji. Tulivofika huku kumekucha, tumeshashuka, miguu iko kwenye mchanga, ndo ikaonekana mtumbwi wa pili uliotoka na sisi haujafika, na baba yake alikuwa kwenye ule. Dada yangu alilia pale mchangani mpaka jua likawa juu. Na sikumsikia akilia tena mpaka leo. Aliniambia tusimwambie mutoto, akiuliza tuseme baba aliugua, na ndo alivoambiwa mpaka kakua.

Nikamuuliza, kwaiyo nimwambie? Akasema siyo yako na siyo yangu, mwenyewe yupo hukohuko anakokaa, amuulize.

Mi si mtu wa kutunza siri, najijua. Lakini ile niliitunza, jamaa alivopiga mwezi wa 1 kuniuliza lile bomba bado lipo, nikamwambia lipo, alafu nikamwambia kaka, hebu muulize mama yako kuhusu yule mtu aliyekuwa analia. Basi. Kesho yake hakupatikana. Keshokutwa hakupatikana. Siku ya 4 akaniandikia kwamba kamuuliza jikoni, mama akaosha vyombo mpaka vikaisha bila kujibu, akaenda chumbani kufunga mlango, na usiku akamtumia voisi ya dakika 14, kutoka chumba cha pili, ndani ya nyumba moja. Voisi yenyewe hakunisikilizisha na sikuomba.

Haya yote nimewasomea kwanza kwa simu, jamaa na mama yake kule na mama mdogo huku, kabla sijaandika popote. Mama mdogo kafuta vitu viwili. Dada yake hakufuta kitu, alisema tu majina yasiwepo.

Bomba niliambiwa nilitume. Kuna mtu wake alikuwa anapita Dar anarudi Marekani. Nikamuuliza unataka uifanye nini, utaipaka juu uanze upya? Akasema hapana, midomo inabaki vilevile ilivyo, mwezi unatoka linaingia jua, na ziwa lote la chini analifuta anaweka mchanga, na boti inabaki nyuma yao tupu, na pembeni yake nafasi ya boti nyingine.

Nikalipakia basi la alfajiri. Mi nimebaki na fremu tupu ya 180 kwa 120, paina, kona zimekatwa safi, kama kuna mwenye picha ya saizi hiyo aje tuongee bei.